Shughuli za Mchana

Waliohudhuria kikao cha Jumamosi hiyo ya Januari 2016, katika ghorofa ya pili ya nyumba iliyo nyuma ya Grant Street, Buffalo, walikuwa hawa: Pantaleo, kaka mkubwa, kutoka Louisville, Angelika, kitindamimba, kutoka Columbus, Kostansia, mwenye nyumba, Joselyne, binti yake, karani wa kikao, na Précieuse, mfanyakazi mwenzake Kostansia, mgeni. Bisogo, mke wa Pantaleo, alihudhuria kwa simu. Sauti yake ilitoka kwenye simu ya mumewe, iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari.

"Soma tena," Pantaleo alisema. "Polepole. Usiruke kitu."

Joselyne aliinua fomu. Ilikuwa ya Kiingereza, naye aliigeuza kwa Kiswahili cha kambini, kile alichokuja nacho akiwa na umri wa miaka kumi na moja.

"Shughuli za mchana kwa wageni wetu wa Puerto Vallarta, Meksiko. Kupanda mashua kwenda kutazama nyangumi. Kuogelea na kioo usoni, kutazama samaki. Kupanda farasi ufukweni. Kuvuka bonde kwa kuning'inia kwenye waya. Kusingwa mwili kwa mafuta. Kujifunza kupika na mpishi wa hoteli. Kila mgeni achague tatu."

"Hao samaki," Angelika aliuliza, "wakishatazamwa, wanapikwa?"

"Hapana, mama mdogo. Wanatazamwa tu."

"Safari yote hiyo, kisha samaki anakwenda zake?"

"Mimi ile ya mafuta!" Bisogo alipaza sauti kutoka kwenye kopo la sukari. "Mnanisikia huko? Mafuta! Na kofia nimeshanunua!"

Kostansia alimimina chai. Nje, theluji ilikuwa imefika kwenye vioo vya magari, na mwanga wake mweupe uliingia hadi chini ya meza. Alikuwa na usingizi. Saa hizo, siku nyingine zote za juma, huwa amelala huku amefunika dirisha kwa blanketi, kwa sababu kwa miaka minane alikuwa akifanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha kufulia kule Lackawanna. Mashuka ya hoteli yalifika kiwandani kwa malori, yakafuliwa, yakapigwa pasi, yakaondoka. Yeye aliingia kazini jua limezama na kutoka kabla halijachomoza. Katika majira ya baridi, juma zima lingeweza kupita bila yeye kuona kivuli chake mwenyewe.

Zawadi ilikuja wakati wa Krismasi. Mwenye kiwanda aliwapigia wafanyakazi wote kura ya bahati, na kikaratasi kilichotolewa kofiani kilikuwa na jina la Kostansia: siku nne ufukweni, watu wawili, kila kitu kimelipiwa. Alipewa fomu. Penye mstari uliosema "majina ya wageni" ndipo alipokosea.

Huko Lukole, kambi ya wakimbizi waliyotoka, fomu ilikuwa na maana moja tu. Asiyeandikwa hali. Ukiulizwa majina, unaandika kila mwenye kinywa, mpaka mtoto aliye tumboni ukiweza, kwa maana unga hupimwa kwa idadi ya vichwa kwenye kadi ya mgao. Mkono wake haukumuuliza ruhusa. Uliandika majina saba, kuanzia kwa kaka mkubwa, kama kadi ilivyotaka: Pantaleo, Bisogo, watoto wao wawili, Angelika, Joselyne. La kwake aliliweka mwisho. Kisha, kwa furaha, akawapigia simu Louisville na Columbus kuwaambia kwamba wameandikwa.

Fomu ilirudishwa Jumatano. Mwanamke wa ofisini alikuwa amezungushia duara jekundu tarakimu ya 2. Watu wawili tu. Mshindi angeweza kumwachia mtu mwingine nafasi yake kwa kutia saini. Mwisho Jumatatu.

Ndiyo sababu Pantaleo alikuwa ameendesha gari kutoka Louisville tangu usiku, akampitia Angelika Columbus, akafika Buffalo na theluji begani.

"Sasa tuseme mambo kwa utaratibu," alisema. Alitoa penseli mfukoni, akaivuta fomu, na karibu na kupanda farasi akaweka alama ndogo. Akaweka nyingine karibu na mafuta. "Jina la kwanza kwenye kadi ni langu. Wewe mwenyewe uliliandika, Kostansia. Mimi na Bisogo tutakwenda. Tukirudi tutaleta picha, na kila mtu atakuwa amekwenda."

"Picha!" Angelika alicheka. "Kaka, tutazikalia hizo picha ufukweni?"

"Nawe unataka nini? Mwaka jana ulikwenda Niagara."

"Nilikwenda na kanisa! Tuliimba mapambio kwenye basi hadi nikapoteza sauti. Maporomoko yenyewe niliyaona dakika kumi."

Précieuse alikohoa. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mwanamke mwembamba mwenye mikono mirefu, aliyefika Buffalo miaka mitatu iliyopita. "Bon," alisema, "mimi siko mutu wa hii familia. Nitanyamaza. Lakini kura ilimuangukia Maman Joselyne. Haikuangukia kadi."

"Mgeni anakunywa chai," Pantaleo alisema kwa upole.

"Niko nakunywa, Papa. Donc, naongea na kikombe mukononi."

Joselyne aliinamia daftari ili kuficha kicheko.

Pantaleo aliweka penseli chini. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kostansia. Baba alipofariki, nani aliacha darasa la sita akapanga foleni ya mgao? Mvua inanyesha, jua linawaka, nani alisimama? Uliwahi kulala njaa?"

"Sijawahi, kaka."

"Na sasa napakia vifurushi kwenye ndege, usiku. Miaka minane, mimi pia. Unadhani ni wewe peke yako usiyeona mchana?"

Kostansia aliitazama mikono ya kaka yake: ngozi iliyopasuka kwenye vifundo, kucha moja nyeusi iliyobanwa na kontena. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Aliyajua tangu utotoni. Kwa ajili ya ukweli huo alikuwa amempa kaka chumba chake kila alipokuja, kiti cha mbele, kipande cha kwanza cha nyama, neno la mwisho. Alikuwa karibu kuichukua penseli na kutia saini. Kweli, mkono wake ulishanyooka.

"Na tena," Angelika aliongeza, akitaka kumsaidia kaka, "fikiria watu. Mjane. Nusu uchi, mbele ya Wameksiko. Kanisani watasema nini?"

Mkono wa Kostansia ukasimama.

"Watasema nilikuwa nimelowa," alijibu.

"Dada!"

"Nimezifua taulo zao miaka minane, Angelika. Zinakuja na mchanga ndani. Mchanga, huku Buffalo! Mara nyingine nauona umebaki chini ya mashine, naufagia. Nimefagia ufuo wa watu kwa miaka minane. Sasa nataka kuukanyaga."

"Hujui kuogelea," Pantaleo alisema.

"Hukujua kuendesha gari."

"Utazama."

"Wanavalisha watu jaketi la kuelea, kaka, limeandikwa hapo chini. Na wewe farasi ulimjulia wapi?"

Précieuse alipiga meza kwa kiganja. Pantaleo, ambaye hakuwa amezoea kujibiwa, aligeuka kumtazama Joselyne kana kwamba karani angeweza kufuta maneno hayo daftarini. Joselyne alisema jambo kwa Kiingereza, haraka, macho yake yakiwa kwa mama yake.

"Anasema nini?" Pantaleo aliuliza.

"Anasema ameshaandika," Kostansia alijibu.

Alisimama. Aliondoa vikombe mezani kimoja kimoja, kopo la sukari pamoja na simu iliyokuwa na Bisogo ndani, fomu, penseli, akaviweka sakafuni. Kitambaa cha meza kilikuwa shuka kuukuu la kiwandani, lililotupwa kwa sababu ya doa ambalo halikutoka. Alishika pembe mbili. Précieuse alikuwa ameshasimama upande wa pili, pembe mbili mikononi.

Ndivyo walivyofanya kazi, usiku kwa usiku, kwenye mdomo wa mashine ya pasi. Shuka hutoka limelowa na zito, wanawake wawili hulidaka kwa wakati mmoja, hulivuta mpaka linalia, na kulilisha mashine likiwa limenyooka. Mmoja akichelewa kwa pumzi moja, shuka linajikunja, taa nyekundu inawaka, kiwanda kizima kinasimama. Kabla ya Précieuse, Kostansia alikuwa amebadilishiwa wenzake tisa. Tangu Précieuse aje, taa haikuwahi kuwaka upande wao.

Shuka lilitanuka katikati ya chumba. Pantaleo na Angelika walirudi nyuma wakaegemea ukuta. Kwa mkung'uto mmoja wa mikono, pwa, likanyooka. Likakunjwa mara mbili, mara nne, hatua kwa hatua wanawake wale wakakutana, vidole kwa vidole. Précieuse akalipokea. Chini yake meza ilibaki tupu, inang'aa kwa mwanga wa theluji.

Kostansia alikaa, akachukua fomu na kifutio cha Joselyne. Alifuta alama ya farasi, akafuta ya mafuta, akapuliza vumbi lake. Kisha akaandika majina mawili kwa kalamu ya wino, herufi kubwa.

"Kaka," alisema bila kuinua uso, "wewe utalala chumbani kwangu leo, na utakula kwanza. Hilo halijabadilika. Na saini sitoi."

"Umemwandika nani wa pili?" sauti ya Bisogo ilitoka sakafuni. "Jamani, mbona mmenyamaza? Ameandika nani?"

Précieuse aliinama kusoma, akaweka mkono kinywani. "Maman Joselyne," alinong'ona. "Familia yako."

"Hati ya kusafiria unayo. Si ulikwenda nayo kambini Nakivale kumwona mama yako?"

"Ninayo, lakini..."

"Basi."

Pantaleo alikaa taratibu. Alitazama fomu, akatazama shuka lililokunjwa mapajani mwa Précieuse, pembe juu ya pembe, bila kosa hata moja. Mwishowe aliiokota penseli yake sakafuni, akaisukuma kuvuka meza tupu, mpaka ikaugusa mkono wa dada yake.

Kostansia aliichukua. Aliweka alama ya kwanza kwenye nyangumi, ya pili kwenye samaki. Kwenye waya alisita, akaitazama sura ya Angelika, akaweka ya tatu.

"Joselyne, andika uamuzi," alisema, "na usome kwa sauti ili na Louisville wasikie. Tarehe kumi na tatu Februari, saa nne asubuhi, mchana kweupe, mimi na Précieuse tutakuwa ndani ya maji."