Dagaa Wanaotazama Ziwa

Asubuhi ya Jumatano Mwamini alikuwa akianika dagaa uani kwa mama mkwe wake, Ujiji, na binti yake Lulu akiwapanga upya nyuma yake, vichwa vyote vikitazama ziwa. Kwa watu wengine dagaa humwagwa kwenye turubai na kugeuzwa kwa ufagio, kazi ikaisha. Lulu hakukubali. Ukimgeuza mmoja tu, aliziba masikio na kuvuma mpaka umrudishe. Alikuwa na miaka sita na hakuwa amesema neno. Daktari aliwaambia ni usonji, kwamba mara nyingi huo hutembea kwenye damu, ya baba au ya mama au ya wote wawili, wala si kosa la mtu.

Bi Yasmini, mama mkwe, alilishika neno damu tu.

"Damu yetu tunaijua," alisema, akichambua mchele. "Hii imetoka kwenu Mwandiga. Ijumaa wanakuja kumposa wifi yako. Mpeleke mtoto kwenu kabla hawajamwona."

Roho ilimuuma Mwamini, lakini mkwe ni mkwe. Akaenda kufunga nguo za mtoto.

Aliporudi, Khalfani alikuwa ameketi kando ya Lulu, akipanga dagaa. Khalfani ni kaka yake Bi Yasmini, aliyezikwa wakati Zubery, mume wa Mwamini, angali mdogo. Alivaa msuli safi na nyayo zake zilikuwa na udongo wa makaburini. Hakumsalimu mtu, maana hata katika uhai wake hakuwa na desturi hiyo. Alivuma tu. Lulu naye akavuma, sauti ileile.

"Shikamoo, mjomba," Zubery alisema, akaruka safu ya dagaa asiivuruge, akaenda kazini.

Bi Yasmini alimtazama kaka yake kitambo. Ni yeye aliyekuwa akimpelekea chakula chumba cha nyuma, alikofungiwa wageni wasimwone, mpaka akafa.

"Huyu alirogwa," alisema. "Si mambo ya damu." Akamtengea chai.

Regina wa jirani, aliyekuja kuazima ungo, alisema nyani haoni kundule, akaondoka na ungo.

Safari ya Mwandiga ilishindikana. Kila Mwamini alipofunga nguo, Khalfani alizifungua na kuzipanga sakafuni kwa rangi, Lulu akimpokeza moja moja na kutabasamu. Mwanawe alikuwa amepata mwenzake. Mwamini alifurahi hata akawa anacheka peke yake jikoni.

"Basi abaki," Bi Yasmini alisema.

Ijumaa, baada ya swala, wageni walipobisha hodi, Bi Yasmini aliwaingiza Lulu na Khalfani chumba cha nyuma, akatia komeo. Pilau ikaliwa, posa ikapokelewa. Katikati ya dua mvumo ukapenya ukutani, mmoja mwembamba, mmoja mzito.

"Kuna nini huko?" mgeni mmoja aliuliza.

"Mjukuu wangu," Bi Yasmini alijibu. "Kwao mama yake ndivyo walivyo."

Mwamini alikuwa akiwanawisha wageni mikono. Alimaliza, akapakua sahani mbili, akaenda nyuma, akafungua komeo na kuketi nao sakafuni. Khalfani alitenga viazi upande mmoja na nyama upande wa pili. Lulu alifanya vilevile, kisha akaegemea goti la mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mwamini hakusogeza goti asimshtue. Mlangoni alimsikia Bi Yasmini akija taratibu na kutia komeo tena.