Pancha ya Wifi

Mwantumu aliposikia neno lenyewe kwa mara ya kwanza, alicheka mpaka kanga ikamfunguka.

"Anatengeneza nini?"

"Panchi," mama yake alijibu, huku akichambua mchele. "Munira kasema atakuja na panchi ya kunywa siku ya shughuli ya mdogo wako Yusra."

"Mama, hiyo ni pancha. Ya baiskeli. Mwambie aje na gundi na pampu kabisa."

Mama hakucheka. Hapo ndipo Mwantumu alipojua kwamba kuna jambo.

Hapa Kwamsisi, tangu Mwantumu yuko kidato cha pili, hakuna shughuli iliyofanyika kwao bila juisi yake ya ukwaju. Watu walikula pilau harakaharaka, kama wanaofukuzwa, ili wafike kwenye ukwaju. Na aliyegawa ni yeye, kwa upawa wa kifuu alioacha marehemu bibi, mpini mweusi kwa moshi wa miaka. Mwenye upawa ule anajua nani kanywa vikombe vitano akasema viwili, nani anamkwepa nani, nani kaja bila kualikwa. Kwa kifupi, ni mkuu wa wilaya ya jikoni.

"Safari hii mwachie wifi yako," mama alisema. "Ana mwaka mzima kwetu hajashika kitu, atajiona mgeni. Na upawa nitampa yeye."

"Sawa, mama."

Sawa hiyo ilikuwa na pilipili ndani.

Munira alikuwa mke wa Sufiani, kaka yake Mwantumu. Kwao Kwashemshi, ila yeye na mumewe walikaa Korogwe mjini. Alikuwa mpole, kucha safi, sauti kama ya mtu anayebembeleza mgonjwa. Hakuwahi kumkosea Mwantumu hata siku moja, jambo ambalo Mwantumu alishindwa kabisa kumsamehe.

Wiki nzima akazunguka nyumba kwa nyumba. Wifi kumtania wifi ni haki yake, nani wa kumzuia? "Jumamosi njooni na viraka," alitangaza. "Wifi yangu analeta pancha." Watu walicheka, wakapangusa machozi, halafu wakauliza kwa sauti ya kiu: "Na inanyweka vipi hiyo?" Mwantumu akawa anarudi nyumbani kichwa kinamuuma.

Jumamosi mchana Munira akashuka kwenye bodaboda na madumu mawili ya njano, barafu iliyofungwa kwenye blanketi, na bakuli la kioo kubwa la kutosha kuogeshea mtoto.

"Wifi, karibu," Mwantumu alimpokea, na sauti akaipandisha ili wapishi wote wasikie. "Pampu iko wapi?"

"Nimeisahau, wifi. Nitatumia mdomo wako, una upepo wa kutosha."

Wapishi walilia kwa kicheko. Mmoja aliangusha mwiko. Mwantumu naye alicheka, meno tu.

Akasimama pembeni, akijifanya anamenya vitunguu, akamtazama. Munira alimimina kitu cha kahawia kutoka kwenye madumu. Akaongeza maji ya machungwa, vipande vya nanasi, barafu. Akatandaza juu duara za machungwa, zikaelea. Mwisho akafungua soda za tangawizi, akazimwaga taratibu pembeni ya bakuli, na mapovu yakapanda yakimetameta. Watoto wote wakasema "Aaah!" kwa pamoja. Hakuna mtoto aliyewahi kusema "Aaah" kwa ukwaju wa Mwantumu. Walikunywa tu, wakajifuta, wakaondoka.

Kilichomuuma si kwamba kilikuwa kibaya. Kilikuwa kizuri.

Na pale kando ya bakuli, juu ya kitambaa cheupe, ulilala upawa wa bibi.

Miguu ya Mwantumu ikampeleka yenyewe hadi kwenye turubai la wazee, alikokaa Mzee Mdoe, kaka wa marehemu baba yake, aliyefundisha madrasa miaka thelathini.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hicho cha kwenye kioo ndiyo nini?"

"Panchi. Ni Kiingereza, baba. Maana yake ngumi."

"Ngumi?"

"Ngumi hii hii ya kupigana. Sasa kinywaji kiitwe ngumi kwa nini? Mimi sisemi kitu. Huko mjini watu huchanganya chochote. Ila mimi sijasema."

Mzee Mdoe akatazama bakuli. Akayaona mapovu. Akainuka na bakora yake.

"Jamani! Kisiguswe hicho! Kinachemka bila moto!"

Vikombe vikarudi mezani. Ndugu wa bwana harusi, waliokuwa ndiyo kwanza wanakaa, wakaangaliana. Minong'ono ikaanza: pombe, pombe, kwenye shughuli ya Kiislamu. Yusra, hina mikononi, akashindwa hata kujifuta machozi. "Mbele ya wakwe zangu?" alisema.

"Wallahi, baba, ni matunda na soda," Munira alisema. Ile sauti ya kubembeleza mgonjwa sasa ilikuwa ya mgonjwa mwenyewe.

Mama akakata shauri. "Fundi wa vinywaji hapa ni Mwantumu. Aonje, aseme. Neno lake ndilo tutakaloshika."

Watu wakafungua njia. Mwantumu akaushika upawa. Angesema tu "sina hakika", Munira asingekanyaga tena jiko la Kwamsisi maisha yake yote. Maneno mawili. Alikuwa nayo tayari kwenye ulimi.

Akazamisha upawa mpaka chini, akauinua. Juu yake kulikuwa na kifundo cha mchaichai, kimefungwa kwa jani lake lenyewe, mara tatu, ncha zimechomekwa ndani. Bibi ndiye aliyefunga hivyo, akamfundisha Mwantumu, basi. Akaonja. Ukwaju. Iliki. Chumvi kidogo, ile ambayo hajawahi kumwambia mtu.

Akageuka kumtafuta Sufiani. Alikuwa nyuma ya masufuria, anatazama juu kama mtu anayesubiri mvua. Sufiani, aliyempulizia moto miaka yote ile, kumbe macho yalikuwa kwenye chungu.

"Umetoa siri ya nyumba, wewe!"

"Nisamehe, wifi," Munira alinong'ona, karibu na sikio lake. "Nilianza na ya kwetu. Kaka yako akasema haifikii ya Mwantumu. Pilau yangu haifikii, chai yangu haifikii. Mwaka mzima, Mwantumu, Mwantumu. Nimechoka hata kulisikia jina lako."

Mwantumu akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kumbe na huyu wivu unamla. Tena unamla kuliko yeye! Moyo ukampoa, na kwa kweli ulimpoa kwa utamu.

"Haya," Mzee Mdoe alisema. "Ngumi imo au haimo?"

"Haimo, baba mkubwa. Mapovu ni ya soda, ile unayokunywa ukivimbiwa. Mengine ni ukwaju wangu, nimeibiwa. Ngumi ilikuwa mdomoni mwangu. Nilirusha kwa wivu."

Mwanamke mmoja wa upande wa bwana harusi akaangua kicheko, na turubai zima likafuata. Mzee Mdoe alitikisa kichwa, akanyoosha kikombe. Mwantumu akamjazia, halafu akamrudishia Munira upawa.

"Gawa, wifi. Zamu yako." Akafikiri kidogo. "Leo tu."

Mwantumu mwenyewe alikunywa vikombe vitatu, na kwa kila kimoja alisema machungwa yamezidi.

Kabla ya magharibi bakuli lilikuwa tupu, na Mzee Mdoe alikuwa bado anapunga kikombe kutoka kwenye turubai. "Mwanangu Munira! Hiyo pancha haijabaki hata kidogo?"

"Ni panchi, baba."

"Ndiyo, hiyo hiyo pancha."

Munira alisahihisha watu wanne, watano, kisha akachoka. Mwantumu aliendelea kukosha vikombe. Kinywaji kilikuwa cha wifi, sawa. Angalau jina lilikuwa lake.