Mkono Usiosikia

Mashine ilifika Songo ikiwa vipande vipande ndani ya masanduku ya kadibodi, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kuyafungua. Aliyeituma ni Apolline, dada yake Toussaint, anayeishi Bujumbura. Alisema kwenye simu kwamba ameinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, kwamba ni mashine ndogo ya kuchonga mbao, inaendeshwa kwa kompyuta, na kwamba kaka yake akishaizoea hatahitaji tena kushika patasi. Apolline alidhani anasema neno la faraja. Toussaint alimrudishia mkewe simu bila kuaga, akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Toussaint alikuwa mchongaji. Kutoka Makobola hadi Lubarika kulikuwa na vitanda, viti na misalaba iliyotoka mikononi mwake. Kisha siku moja, akirudi kutoka Makobola kwa pikipiki, alipishana na lori lililobeba mabati. Bati moja lilichomoka likampasua mkono wa kulia chini ya kiwiko. Kidonda kilifunga. Vidole vilirudi kujikunja kidogo, hata vikaweza kubeba kikombe. Lakini havikusikia kitu, si baridi, si moto, si ncha ya sindano. Daktari alisema mishipa ya fahamu imekatika. Huenda ikaota tena, huenda isiote.

Olga, mkewe, alishika lile la kwanza. Kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani yake alipasha mafuta ya mawese, akamkanda mumewe kuanzia kiwiko hadi kucha, akimuuliza, "Na hapa? Na hapa?" Na kila asubuhi Toussaint alitikisa kichwa. Mpaka siku moja hakutikisa.

"Hapo," alisema. "Iko nasikia kidogo. Kama chungu anatembea."

Olga aliangua kilio. Jumapili iliyofuata alipeleka sadaka ya shukrani kanisani, akasimama mbele ya waumini wote akatangaza kwamba mkono wa mume wake unafufuka. Watu walipiga makofi. Toussaint alikaa kwenye benchi ameinamisha kichwa, na Olga akadhani ni unyenyekevu.

Furaha hiyo ndiyo iliyompa ujasiri wa kufungua masanduku. Alimwita Firmin, fundi wa simu na televisheni, rafiki yake Toussaint tangu walipoanza kuimba pamoja kwaya. Wakaiunga mashine juu ya meza ya karakana: fremu ya chuma chepesi, fimbo ndefu zenye nyuzi kama za skrubu, injini tatu ndogo za kusogeza, na ya nne iliyoshika meshi, kile kichuma kikali kinachozunguka na kukata mbao. Injini moja husogeza meshi kulia na kushoto, nyingine mbele na nyuma, nyingine juu na chini.

Mara ya kwanza Olga alipobonyeza mshale wa kulia kwenye kompyuta, mashine ilikwenda kushoto. Firmin akabadilisha nyaya mbili. Wakafurahi, wakasahau kujaribu mwelekeo wa mbele na nyuma, wakaiacha ichonge jina la Olga kwenye kipande cha ubao. Herufi zilitoka miguu juu, kichwa chini, kama kivuli cha mtu kwenye maji ya ziwa.

"Hii mashini iko mulevi," Toussaint alisema kutoka mlangoni, akacheka. Olga hakuwa amesikia kicheko hicho tangu ajali.

Kilibaki kitu kimoja. Mashine ilikuja na kidude chekundu cha kuisimamisha kwa pigo moja la kiganja, ila waya wake ulikuwa mfupi, haukufika pale Olga alipokaa.

"Nitarudi na waya murefu," Firmin alisema. "Kama kuko tatizo, chomoa tu umeme."

Hakurudi. Olga naye hakumkumbusha, kwa kuwa alikuwa amenogewa. Alijifunza kuisogeza mashine kwa mishale, bila mchoro wowote ndani ya kompyuta, jinsi mtu anavyosukuma kitambaa chini ya sindano. Kulikuwa na hatua za kuchagua: ndogo kabisa, nyembamba kama unywele, ya wastani, na kubwa, ambayo kwa mbonyezo mmoja inarusha meshi upana wa kidole. Ile kubwa ni ya kusafiria, meshi ikiwa juu, mbali na ubao. Ukitaka kukata, unarudi kwenye ndogo. Ili kupata mahali pa kuanzia, aliweka karatasi juu ya ubao, akaishusha meshi taratibu huku akiivuta karatasi kwa vidole, mpaka karatasi ikaanza kukwama. Hapo ndipo sifuri. Toussaint alikuwa akimtazama akifanya hivyo, halafu anatazama kwingine.

Wiki chache baadaye mama mmoja aitwaye Bernardine akaja kutoka Lubarika. Wanawake wa kanisa lake walitaka ubao wa kuweka mbele ya altare, wenye masuke ya mpunga upande mmoja na samaki upande wa pili. Walitaka kazi ya Toussaint. Walikuwa wamesikia mkono unapona.

"Unapona, mama," Olga alijibu haraka. "Atafanya."

Toussaint aliuingiza mkono wa kulia mfukoni.

Siku ya kuanza kulikuwa na umeme mzuri tangu asubuhi. Olga alilaza mezani ubao wa libuyu, mti mgumu mwekundu, akaubana pembe nne, akawasha injini ya meshi ili kwanza akate mfereji wa pambizo kwa mishale. Sauti ilijaa karakana, vumbi jekundu likaanza kuruka. Upande mmoja ulikwenda vizuri. Alipofika kwenye kona aliinua meshi, akachagua hatua kubwa ili asafiri hadi upande wa pili, akaishusha tena. Ubao ulikuwa umejipinda kidogo. Kibano cha pembe ile kililegea, ukaanza kutetemeka.

Toussaint aliona. Alikuwa amesimama karibu, na mwili wake ulifanya ulichofanya miaka yote: aliuegemea ubao kwa kiganja cha kulia ili utulie.

"Endelea," alisema. "Nimeushika."

Olga aliangalia kioo cha kompyuta badala ya kuangalia mkono, akabonyeza mshale. Hatua ilikuwa bado ile kubwa.

Meshi iliruka mbele. Sauti ikabadilika, ikawa nzito, kama mashine imekuta fundo kwenye mti. Olga aliinua macho akaona vumbi limelowa. Akaona damu inatambaa ndani ya mfereji alioukata dakika hiyo hiyo, inaufuata kwa utulivu, na mume wake ameegemea palepale, uso wake hauna habari.

"Juu ya nini unaacha kukata?" Toussaint akamuuliza. "Endelea."

Olga alipiga yowe. Alitafuta kidude chekundu kwa mkono, akakikosa, akakumbuka, akaruka hadi ukutani akachomoa umeme. Injini ikalia kidogo ikanyamaza. Hapo ndipo Toussaint alipoinamisha macho. Aliinua mkono akautazama kama kitu cha mtu mwingine. Kidole cha shahada kilikuwa kimefunguka hadi mfupa.

Kwenye kituo cha afya tabibu aliyewapokea aliitwa Thaddée, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Alisafisha kidonda, akavuta dawa ya ganzi kwenye sindano.

"Itauma kidogo, papa."

"Acha tu hiyo dawa," Toussaint alisema. "Shona."

"Bila ganzi?"

"Miye sisikii kitu kwenye huu mukono. Tangu ajali."

Thaddée alimtazama Olga. Olga alikuwa amesimama na kitambaa chenye damu mikononi.

"Tangu ajali?" aliuliza. "Na yule chungu uliyesema anatembea?"

Toussaint aligeukia ukutani. Thaddée akagusa pembeni ya kidonda, kisha kiganja, kisha kifundo, akiuliza taratibu, naye akajibu hapana, hapana, hapana. Tabibu akaanza kushona. Sindano iliingia na kutoka, na Olga, ambaye maisha yake yote ameishi na sindano, hakuweza kuitazama.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Olga alitangulia. Walipofika karibu na mlango akageuka.

"Toussaint," alisema. Hakuwa amemwita kwa jina lake miaka mingi. Kwao yeye ni Papa Héritier, kwa jina la mtoto wao. "Nilisimama mbele ya kanisa. Nilimuambia mama yangu. Nilimuambia Apolline. Weye ulikaa pale unanitazama?"

"Ulikuwa unauliza kila siku," Toussaint alisema. "Kila asubuhi, na hapa, na hapa. Nikisema hapana, naona uso wako unaanguka. Siku moja nikachoka kuuona unaanguka. Nikasema neno moja tu. Ukafurahi sana, Mama Héritier. Nikakosa njia ya kurudi."

"Ningekukata mukono! Unaelewa? Nimekukata, na nilikuwa najua unasikia. Kama ningejua, ningekuacha uweke mukono pale?"

Olga alijua kwamba yeye mwenyewe hakuwa amesema yote. Hatua ile kubwa aliiacha yeye. Waya mfupi aliuacha yeye na Firmin. Alitaka kulisema hilo, lakini hasira ilikuwa bado inamfaa zaidi, akaingia ndani.

Siku zilizofuata walizungumza mambo ya chakula na maji tu. Olga alikwenda kwa Firmin, akamkuta ana wateja, akamwambia mbele yao kwamba waya mmoja nusura umgharimu rafiki yake kidole. Firmin alianza kujitetea, kisha akafunga kibanda akaja naye. Waliunga kidude chekundu bila maneno mengi. Alipomaliza aliingia kumwona Toussaint, akakaa naye kidogo, akaondoka macho yakiwa mekundu.

"Iuze," Toussaint alisema jioni hiyo. "Au mrudishie Apolline."

"Na watu wa Lubarika?"

"Waambie ukweli."

Olga alimpigia Bernardine simu. Alisema mkono haujapona, kwamba alikosea kutangaza, kwamba ubao akiutaka atautengeneza yeye Olga kwa mashine. Bernardine akasema wanawake walikuwa wamewaombea, hawatarudisha maombi, na ubao waulete tu.

Ubao ule wa kwanza Olga aliuchoma jikoni. Akaanza mwingine, peke yake, mlango wa karakana akiufunga kwa ndani. Kila mara kabla ya kubonyeza alisoma hatua kwa sauti, kama mtu anayesali. Wakati mwingine alizima kila kitu akaenda kukaa nje mpaka moyo utulie. Alipomaliza masuke ya mpunga alifungua mlango hewa iingie, akamkuta Toussaint amesimama hapo, mkono umefungwa kwa bendeji. Aliuangalia ubao muda mrefu.

"Mupunga ukiiva hausimami hivi," alisema. "Unainama."

Olga alichukia, kwa sababu ilikuwa kweli. Alikata masuke mengine, yaliyoinama, kwenye ubao wa tatu. Ndio uliokwenda Lubarika. Hawakwenda kuuona ukiwekwa. Toussaint hakutaka kutazamwa.

Thaddée aliwaambia, siku ya kutoa nyuzi, kwamba mkono usiosikia ni lazima uangaliwe kila siku kwa macho, kwa kuwa hautasema wenyewe ukiumia. Mwanzoni Toussaint alikataa, akasema yeye si mtoto. Olga hakubishana. Mafuta ya mawese hakuyapasha tena. Hakukuwa na kitu cha kuuliza.

Kisha jioni moja, Olga akiwa anakunja kitambaa, mumewe alivuta kiti akaketi mkabala naye, akauweka mkono wa kulia juu ya meza, kiganja juu. Olga alisogeza taa. Kovu la kidole lilikuwa limekauka, limekaa upande kidogo. Aliugeuza mkono pole pole, na nyuma yake, karibu na kifundo, akakuta malengelenge, jeraha la moto, bichi.

"Hii ni ya wapi?"

Toussaint aliinama akaitazama.

"Sijui," alisema. "Labda sufuria. Sijui, Mama Héritier."

Olga aliinuka kwenda kuchemsha maji ya kusafishia. Alipofika jikoni alisimama kwanza, ameshika ukuta, mpaka alipoweza kurudi kwake na uso usioanguka.