Omba Ruhusa, Subiri Jibu

Fomu ya kuomba kozi ya uhudumu wa wagonjwa ilikuwa na kurasa nne, na ilimchukua siku tatu kuijaza. Si kwamba hakujua kuandika. Kilichomkwamisha ni swali la tisa: "Una uzoefu gani wa kuhudumia wagonjwa? Eleza kwa kifupi." Alilizunguka swali hilo kama mtu anayezunguka dimbwi barabarani. Siku ya tatu akapiga moyo konde, akaandika: "Miaka kumi na moja katika chumba cha maiti. Kuosha, kugeuza, kuvalisha. Hakuna aliyelalamika."

Hakuwa anatania, maana utani hakuujua. Aliyecheka ni karani wa chuo, tena alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamwita mwenzake wa meza ya pili aje asome. Mwombaji alisimama upande wa pili wa dirisha, kofia mkononi, akiwangoja wamalize. Kungoja alikuzoea. Kisha karani akagonga muhuri, akaweka stakabadhi mezani na kuisukuma kwa ncha ya kalamu, wasije wakagusana vidole.

Na hilo la vidole pia alilizoea. Mtaani kwao walimwita Daktari wa Mwisho, na waliolibuni jina hilo walijiona wajanja kweli. Kinyozi alimtengea kitambaa chake peke yake. Lakini msiba ukiingia nyumbani kwao, watu haohao walimfuata, wakamshika bega na kumnong'oneza, "Tuangalizie mzee wetu vizuri, ndugu yangu." Naye aliwaangalizia. Wiki iliyofuata wakimwona wanavuka barabara. Mwingine angewatukana. Yeye aliwaamkia.

Lakini si mtaa uliompeleka chuoni. Aliyempeleka ni baba yake.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, na miaka miwili iliyopita kiharusi kilimpiga. Kilichukua upande wote wa kulia, mkono na mguu, kikaupinda mdomo lakini kikauachia maneno, na mdomo ndio uliokuwa na kazi nyingi tangu mwanzo. Aliyemwosha kila asubuhi ni baba mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye naye alikuwa amekula chumvi nyingi. Mwaka huu mgongo wa baba mdogo ulianza kukataa. Daktari alimwambia waziwazi kwamba akiendelea kunyanyua mtu mzima, kitanda kitahitaji mwenzake.

Na humo humo ndani alikuwamo mtoto wa kiume, mwenye nguvu, mwenye kujua kunyanyua watu kuliko yeyote mtaani. Kila alfajiri kabla ya kwenda kazini alisimama mlangoni na beseni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nikuoshe leo?"

"Bado."

Siku moja tu mzee alijieleza. "Mikono yako naijua inakoshinda, mwanangu. Siku yangu ikifika utaniosha, na sitakuwa na la kusema. Lakini bado." Kisha akaongeza kwa sauti ya mtu anayepatana bei ya suti: "Niletee karatasi inayosema unahudumia watu walio hai. Hata ikiwa barua ya kupokelewa tu. Nikiiona kwa macho yangu, nitakupa mgongo uusugue mpaka uchoke."

Basi alichokuwa anakiombea kwenye ile fomu ni mgongo wa baba yake. Mshahara na cheo hakuviwaza kabisa.

Siku ya usaili walikuwa kumi na mmoja, wengi wao wasichana waliotoka shule juzi, viatu vyao vimepigwa rangi. Chumba cha mazoezi kilikuwa na vitanda sita vya chuma na harufu ya dawa ya sakafu. Kwenye kitanda cha kwanza alilala mtu halisi, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa la chuo. Kazi yake siku za usaili ilikuwa kuugua, na aliifanya kwa moyo wote. Walimwita Mgonjwa wa Kudumu. Msimamizi alikuwa mwalimu wa vitendo, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni.

"Mwoshe uso, mikono na kifua, halafu mbadilishie shuka akiwa humo humo kitandani," alisema mwalimu. "Dakika ishirini."

Alipoanza, wasichana waliokuwa wakinong'ona walinyamaza. Mikono yake haikuuliza njia. Macho aliyafuta kutoka pembe ya ndani kwenda ya nje, kila jicho na upande wake wa kitambaa. Alipomgeuza yule dereva, mkono mmoja begani na mwingine nyongani, jitu lile la kilo tisini lilikwenda ubavu kama vile limejigeuza lenyewe. Shuka chafu likakunjwa likatoka, safi likaingia, halikuacha hata mkunjo mmoja. Pembeni ya beseni palikuwa na chupa ya maji ya moto. Hakuigusa, maana kazini kwao maji yalitoka bombani, na ya bombani yalitosha.

"Maji baridi hayo, ndugu," dereva alisema na kuuvuta mkono wake.

Alishtuka, akarudi nyuma hatua nzima. Miaka kumi na moja, hakuna aliyewahi kumnyang'anya mkono. Akaushika tena, akaendelea. Alimaliza dakika nne kabla ya muda. Akachomeka shuka kushoto, akachomeka kulia, kisha kwa upole uleule akalivuta juu mpaka likafunika uso wa mgonjwa.

Mwalimu akaacha kuandika.

"Mwalimu," sauti ikatoka chini ya shuka, "nimefaulu au nimekufa?"

Wasichana walivunjika mbavu. Yeye aliitazama mikono yake, na aibu ikampanda toka miguuni mpaka masikioni. Mwalimu hakucheka. Alimfunua dereva uso, akamtoa mwombaji nje kwenye korido.

"Unafanya kazi wapi?"

"Mochwari, mwalimu."

"Nilijua ulipomgeuza. Nafundisha mwaka wa ishirini na mbili huu, sijaona mtu akigeuzwa vile." Alivaa miwani. "Lakini hukumwambia jina lako. Hukumwuliza kitu. Umemwosha mtu dakika kumi na sita kama vile hayupo."

"Nilikozoea hawajibu."

"Hawa wanajibu. Wakati mwingine wanakataa, na wakikataa unasimama." Alimpa karatasi ya alama. Kwenye mistari miwili ya kwanza palikuwa na sifuri. Mstari wa kwanza: Jitambulishe. Wa pili: Omba ruhusa, subiri jibu. "Nafasi zimebaki tatu, na usaili wa pili ni Jumatatu, wiki sita kutoka sasa. Kajifunze hiyo mistari miwili. Mengine yote unayo."

Nyumbani aliwakuta wote wawili wakimngoja, baba kitandani na baba mdogo kwenye kigoda, ameegemeza mgongo ukutani.

"Umepata?" baba aliuliza.

"Bado."

"Basi na mimi bado."

Lakini mzee alitaka habari yote, na mwanawe hakujua kuficha. Alisimulia maji baridi, akasimulia shuka. Baba alicheka kwa ule upande mmoja wa mdomo mpaka akapaliwa, ikabidi baba mdogo amwinue. Kisha kicheko kikakatika.

"Kwa hiyo akauliza kama amekufa."

"Ndiyo, baba."

"Ukamjibuje?"

Baba aliugeuza uso ukutani, na jioni hiyo hakugusa chakula. Mtoto alikaa jikoni ameshika tama, akijua kwamba ameharibu zaidi ya usaili.

Mazoezi yanahitaji mtu wa kufanyia, na watu aliokuwa nao walikuwa walewale. Kesho yake kazini alisimama mbele ya meza ya kwanza, akakohoa, akasema kwa sauti ya mwizi, "Habari ya asubuhi, bibi. Naomba ruhusa nikuoshe." Mwenzake wa zamu, mtu wa maneno mengi aliyekuwa akijaza daftari pembeni, aliweka kalamu chini.

"Wakianza kukujibu," alisema, "nipigie simu nyumbani. Sirudi tena hapa."

Alivumilia. Alijitambulisha, aliomba, alihesabu mpaka tano, ndipo akagusa. Alileta birika la umeme, akawa anachanganya maji, jambo ambalo mwenzake alilisimulia hospitali nzima akitia chumvi za kutosha. Wiki ya tatu sauti ilimtoka vizuri. Lakini kilikuja na kingine ambacho mwalimu hakumwambia. Mtu ukishamwamkia huwezi tena kumwosha kama meza. Alianza kuona vitu: bibi aliyepakwa mafuta miguuni na mtu aliyempenda, mwanamume aliyeshonewa kifungo cha rangi isiyofanana. Wiki ya nne alimkuta msichana mwenye wino mbichi wa kalamu kwenye kidole, akaketi chini sakafuni akalia. Miaka yote hiyo alikuwa hajalia kazini. Mwenzake alimtazama, akatoka nje, na tangu siku hiyo hakumtania.

Nyumbani nako alibadilisha maneno. "Shikamoo, baba. Ni mimi, mwanao. Nimeleta maji ya moto. Naomba ruhusa nikuoshe." Halafu anasimama, anangoja kweli, beseni likimchoma viganja.

"Bado," baba alijibu.

Ila ile bado ilianza kuchelewa. Siku za nyuma ilikuwa ikimdaka kabla hajamaliza kuuliza. Sasa mzee alimtazama kwanza, akatazama beseni, akatazama dirishani. Asubuhi moja ya wiki ya tano akauliza, "Ni ya moto kweli?"

"Weka mkono, baba."

Mzee aliutumbukiza mkono wa kushoto, ule mzima, vidole vyenye sugu za mkasi, akauacha humo. Baba mdogo, mlangoni, alizuia pumzi. Mvuke ulipanda kati ya baba na mwana.

"Ya moto," baba alikiri. Akautoa mkono, akaufuta mwenyewe kwenye blanketi. "Bado."

Siku hiyo alikwenda kazini mwepesi kama amepewa barua.

Simu ilipigwa Alhamisi, saa nne asubuhi, siku nne kabla ya usaili wa pili. Alikuwa anaosha glavu. Aliyepiga ni baba mdogo, na kabla hajasema neno, pumzi yake ilikuwa imeshasema.

"Baba yako ametuacha," alisema baba mdogo. "Nimekwenda kumchemshia uji, narudi, hayupo."

"Alisema kitu?"

"Tangu alfajiri ulipotoka alikuwa ananiuliza Jumatatu bado siku ngapi. Nikamwambia nne. Akasema, nne si nyingi."

Aliikata simu, akabaki ameishika. Hasira ilimpanda, hasira ya kitoto, juu ya mwalimu na wiki zake sita, juu ya karani na kalamu yake, na juu ya mzee mwenyewe aliyekuwa na mdomo wa kila kitu ila neno moja. Kisha hasira ikamwishia, akabaki mtupu.

Saa sita mchana ilipopita, machela iliingia kwa mlango uleule inaoingilia kila siku. Mwenzake aliipokea. Alimwangalia usoni, akasema taratibu, "Hii niachie mimi. Hakuna atakayekulaumu. Kakae na baba yako mdogo hapo nje."

"Hapana."

"Basi tufanye wote."

"Niwekee birika tu."

Mwenzake akabandika birika, akatoka, akauacha mlango wazi kidogo. Yeye akavua kofia. Maji yalipochemka aliyachanganya kwenye beseni, akaingiza kiwiko, akaongeza ya baridi, akaingiza tena mpaka yakawa ya kumwosha mtu. Alivaa glavu. Akazitazama, akazivua, akaziweka pembeni. Halafu akalishika shuka, akamfunua uso, akalikunja vizuri kifuani. Upande wa kulia wa mdomo, uliopinda miaka miwili, ulikuwa umenyooka.

Karatasi ya alama ilikuwa mfukoni, lakini hakuihitaji.

"Shikamoo, baba," alisema. "Ni mimi, mwanao. Nimeleta maji ya moto."

Akanyanyua beseni.

"Naomba ruhusa nikuoshe."

Akasimama na beseni mikononi. Alihesabu mpaka tano, akapita. Bomba la kona lilidondosha tone, likadondosha jingine. Mvuke ulipanda, ukapungua, ukaisha, na yeye amesimama palepale, ametega sikio. Neno lile lilikuwa limemchosha kwa miaka miwili. Sasa angetoa chochote alichonacho mzee alitamke mara moja tu, hata kwa ukali.

Mwenzake alichungulia mlangoni.

"Maji yanapoa, ndugu yangu."

"Najua," alisema bila kugeuka. "Bado hajanijibu."

Mwenzake akaingia, akachukua birika, akaenda kulijaza tena.