Hodi Juu ya Nikeli

Usiku wa jana niliota mimi na mke wangu Mwanakheri tumekuwa chembe mbili za haidrojeni. Hatukuwa na mikono wala miguu, ila yeye bado alikuwa na kanga yake, na tulikuwa tumeshikana.

Tukatua juu ya punje ya madini ya nikeli, ndani ya pipa la kiwanda cha siagi, mahali haidrojeni huingizwa kwenye mafuta ili yagande. Nikeli ikakohoa.

"Karibuni. Hapa mnaachana kwanza."

"Tuachane? Tumekosa nini?"

"Hamjakosa kitu. Mimi ni kichocheo. Nachochea wenzangu waachane, mwenyewe sibadiliki."

Nilipigwa na butwaa. Kwetu Tanga mchochezi angalau hujificha, huyu anajitangaza! Kabla sijamjibu, Mwanakheri ametupwa ukingoni upande wa pili. Chini yake mafuta ya alizeti yanatokota na kumbembeleza: "Njoo, bibie, tugande pamoja."

"Baba Rukia, njoo!" anapiga kelele. "Nikiingia humu sitoki!"

Naanza kuhama. Juu ya nikeli hakuna kutembea. Unaruka kutoka kishimo hadi kishimo, na kila kishimo kina mwenyewe.

"Hodi!"

"Karibu," kinajibu kishimo.

Naingia, nashukuru, nabisha hodi kinachofuata. Najiona naenda vizuri kabisa.

Kishimo cha mwisho kimekaliwa na salfa, mnene, wa manjano, amejitandaza kama yuko kwake.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Ananitazama tu.

"Mpite pembeni!" analia Mwanakheri. "Huyo akishakaa haondoki!"

Nami, mtoto niliyefunzwa adabu, nabisha mara ya tatu. Hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni hurudi alikotoka. Basi nikageuka. Wallahi, niligeuka!

Nyuma yangu nikasikia chubwi.

Mafuta yakaganda palepale, yakawa siagi. Nililia kwa uchungu, na salfa akasema nimpunguzie kelele.

Nikaamka natweta. Mwanakheri hayupo kitandani. Nikakimbilia jikoni, nikamkuta mbele ya kikaango, ameipindua chupa ya mafuta ya alizeti na anaigonga kitako. Halidondoki hata tone.

"Baba Rukia, mafuta gani haya yanaganda na joto lote hili?"

Sikujua yupi ndiye Mwanakheri wangu, basi nikawakumbatia wote wawili, yeye na chupa.