Mstari wa Mwisho ni wa Kilema

"Siondoki," alisema Mzee Melkior. Akavuta kiti, akakiweka katikati ya mlango wa ofisi, akakaa. "Leo lebo yetu watu wa Kilema itoke, au mniitie polisi."

Esther, msimamizi wa lebo, alikuwa amekasirika mpaka masikio yanawaka moto, lakini hasira yenyewe haikuwa ya mzee. Ilikuwa ya ile kompyuta. Jumamosi, saa nne na nusu, gari la sampuli za kahawa linatoka Moshi saa sita kamili kwenda kwa waonjaji, na mashine imechapa lebo ishirini na tatu. Vikundi vya wakulima vilivyoleta kahawa ni ishirini na vinne. Aliyeachwa nani? Kilema. Wiki ya tatu mfululizo, jamani!

Na mfuko usio na lebo hauonjwi, na kahawa isiyoonjwa haina mnunuzi. Ndiyo hali tangu soko liachiwe huru na kila kikundi kijitafutie chake. Wiki ya kwanza Esther alimwambia mzee, bila haya, kwamba walichelewa kuleta. Wiki ya pili akasingizia umeme. Baada ya hapo Kornel, mtoto wa Melkior, alichukua shoka akaangusha mibuni arobaini kwenye kihamba, shamba lao la ukoo, ile aliyopanda babu yake, ili apande nyanya. Mibuni iliyobaki ilikuwa inasubiri jibu la leo. Asubuhi mzee alimwacha Kornel analinoa shoka.

"Mnasema kompyuta," mzee aliendelea. "Kompyuta gani inayojua nani Mkatoliki? Machame wanatoka, Mwika wanatoka, sisi tunabaki. Mnatuona wajinga?"

"Baba, naomba uniache nifanye kazi!"

"Fanya. Nani amekushika mkono?"

Esther akampigia simu Gidioni, mtaalamu aliyewafungia mfumo ule kisha akahamia Dar na kuwa mtu wa kutafutwa kwa tochi. Leo alipokea.

"Dada Esther, skripti yangu haina kosa. Inasoma faili mstari kwa mstari, inatekeleza amri iliyoandikwa pale, inarudi kuchukua mstari mwingine, mpaka yote iishe. Basi! Tatizo ni nyie watumiaji."

"Watumiaji tumefanya nini?"

"Niko kikaoni. Zima, halafu washa."

Akakata. Esther alitoa tusi la Kichagga ambalo hata mzee alilikoholea. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwenzao yuko kikaoni.

Esther alifungua faili. Mistari ishirini na minne, kila mmoja amri ya kuchapa lebo moja. Kilema walikuwa wa mwisho, kama kila wiki, maana Tabitha wa mapokezi aliandika kwa kufuata aliyetangulia kufika, na watu wa Kilema Jumamosi hawashuki mlimani kabla ya sala ya jumuiya. Jina lilikuwepo, herufi zote zilikuwepo. Esther alilisoma mara tatu, akapiga meza.

"Tabitha! Andika orodha yote upya. Kilema waanze."

Tabitha akaandika, vidole mbio mbio. Esther akaiendesha skripti, na printa ikakohoa: lebo ya kwanza kabisa, Kilema. Mzee akainuka, akaipokea kwa mikono miwili.

"Imetoka," alisema. "Sasa nani amebaki?"

Esther alihesabu. Ishirini na tatu. "Mwika."

"Mwika? Hao si Walutheri wenzako?"

"Ndiyo, baba."

Mzee aliitazama lebo, akaitazama kompyuta. Akarudi kukaa. "Basi bado siondoki."

Kwa hiyo haikuwa Kilema. Aliyeachwa ni wa mwisho kwenye orodha, yeyote yule, na sasa wa mwisho ni Mwika. Esther aliiamuru mashine ihesabu mistari ya faili. Ikajibu: ishirini na mitatu. Macho yake yaliona ishirini na minne!

"Tabitha, andika tena mstari wa Mwika. Nikuone."

Tabitha alifuta, akaandika, akafika herufi ya mwisho, kisha mkono wake ukapanda juu, pale ambapo zamani kulikuwa na karatasi ya kuchomoa. Miaka ishirini alikuwa amepiga taipureta.

"Mbona hukubonyeza Enter?"

"Ya nini? Niende mstari mpya kuandika kitu gani?"

Maskini, Tabitha hakuwa na kosa. Kwenye taipureta ukimaliza umemaliza. Lakini kwa skripti ya Gidioni, mstari usiofungwa kwa Enter haujaisha, na usioisha unatupwa kimyakimya. Esther alibonyeza. Mashine ikahesabu ishirini na minne. Lebo ya Mwika ikatoka saa sita kasoro dakika nane, na mzee mwenyewe ndiye aliyeifunga kwenye mfuko wao kabla dereva hajapiga honi.

Gidioni alipopigiwa tena, alicheka. "Aah, hiyo! Nilijua inaweza kutokea. Jambo dogo, dada, ni kuongeza maneno mawili tu kwenye skripti."

"Ulijua?" Esther alimgeukia mzee. "Jambo dogo? Haya, mwambie mwenyewe." Akampa mzee simu.

"Shikamoo, mzee," ilisikika sauti ya Gidioni.

Mzee hakuitikia marahaba. Tabitha alishika mdomo.

"Moja," alisema Melkior. "Mbili. Tatu. Nne."

"Mzee, unahesabu nini?"

"Mibuni. Tano. Sita."

Alihesabu bila haraka, mmoja mmoja, na Gidioni, kwa mara ya kwanza, hakukata simu. Alipofika arobaini akamrudishia Esther.

"Na wewe," alimwambia, "ulisema tulichelewa."

"Nilidanganya, baba. Nisamehe."

"Nitakusamehe siku nyingine." Mzee alikisogeza kiti pembeni, akavaa kofia. "Leo nawahi shoka."