Mume Aliyetangazwa Kupona

Mwanamke wa halmashauri aliitwa Shilpa, na kwa kweli alikuwa na adabu: alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliyenikata maini ni mkalimani aliyeingia nyuma yake. Alikuwa Aristide, kiongozi wa kwaya ya kanisa letu hapa Tottenham.

Shilpa akauliza kama tunafahamiana. Aristide akasema hapana, haraka haraka, na mimi nikatikisa kichwa. Mungu atusamehe. Mkalimani haruhusiwi kumtafsiria mtu anayemjua: yeye aliogopa kupoteza kazi ya siku ile, mimi niliogopa kungoja miezi mingine minne.

Miezi minne ndiyo niliyoingoja tathmini hii ya msaada wa mgonjwa. Mume wangu Fortunat alipatwa na kiharusi miaka miwili iliyopita. Mimi ndiye ninayemnyanyua, ninayemwogesha na kumvisha, kisha nakwenda kusafisha ofisi za watu. Daktari amenionya kuhusu mgongo: nikiendelea kumbeba, tutalala kitandani wote wawili. Nilichotaka ni mtu mmoja tu, wa asubuhi, wa kunisaidia kumtoa kitandani.

Zamani nilikuwa na watu. Akina mama wa kanisani walikuja kwa zamu, Jumanne na Ijumaa. Kisha siku ya Pasaka mchungaji akamwombea Fortunat, naye akasimama, ameshika kiti, muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kanisa zima vigelegele. Nikapewa kipaza sauti, na mimi mjinga nikashuhudia kwamba bwana yangu amepona. Aristide akaanzisha wimbo. Jumanne iliyofuata hakuja mtu. Aliyepona utamwogesha wa nini? Tangu hapo nimenyamaza, kwa aibu na kwa kiburi pia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha ya mwenzangu.

"Anauliza kama bwana yako anaweza kusimama peke yake," Aristide akatafsiri, macho kwenye zulia.

Jumapili tungekuwa tena kanisa moja, mimi na yeye. Nilitamani kusema ndiyo, anaweza, wanywe chai waende zao.

"Hapana," nikasema. "Hajasimama tena toka ile siku ya Pasaka. Mwezi uliopita tulianguka wote bafuni. Tulikaa pale toka saa tatu mpaka saa saba, mimi chini yake."

Nikangoja atafsiri. Hakutafsiri.

"Mama Emérence," akasema, "juu ya nini hamukutuita?"

Shilpa alikuwa hajauliza kitu. Swali lilikuwa la Aristide mwenyewe.

Hasira zikanipanda. Miezi yote ile nilikuwa nimezimeza. "Niwaite niwaambie nini? Si wewe ndiye uliimba? Muliimba kwamba amepona, halafu mukaenda."

Shilpa akatutazama, mmoja baada ya mwingine, akauliza tunaongea nini. Aristide akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akamweleza habari ya bafuni, yote, hata zile saa, na mwishoni akaongeza maneno machache kwa sauti ya chini. Kiingereza changu ni cha ndoo na fagio, lakini hayo niliyaelewa. Alimwambia kwamba mama huyu hana mtu.

Mimi sikuwa nimesema hivyo. Shilpa akaandika, nami sikumsahihisha.